Siku 126 za ugonjwa zikiisha, na ajira ndiyo imeisha? Naombeni mawazo

#1 Shemeji wa Mbagala
Wakuu salaam. Niende kwenye mada.

Mdogo wa mke wangu yuko kiwanda kimoja hapa Dar, jina nalihifadhi. Kaajiriwa 1 Juni 2016, mkataba wa kudumu, kitengo cha kupanga mizigo, viroba vya kilo 50. Machi mwaka huu, zamu ya usiku, kiroba kikateleza kutoka juu ya rundo naye akakidaka kwa ubavu. Mgongo ukalia. Msimamizi akamwambia nenda kapumzike, kesho utakuwa fiti. Kesho yake hakuweza hata kuinama kufunga kamba za viatu. MRI ikaonyesha diski ya kiunoni imetoka na inabana mshipa wa fahamu, ganzi inashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba. Toka tarehe 10 Machi yuko kwenye ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi), na kila karatasi ya daktari kaipeleka ofisini.

Mwanzoni alilipwa mshahara kamili, baadaye nusu. Sasa kapewa barua ya tarehe 14 Julai: siku 126 za ugonjwa zimekwisha tarehe 13, kwa hiyo ajira yake "imekoma yenyewe". Hajaitwa kikao, hajapewa notisi, hajapigiwa hesabu yoyote. Daktari hajasema kwamba hatapona, anasema tuanze mazoezi ya viungo, yakishindikana tuongelee upasuaji.

Leo tarehe 25. Je, ajira inaweza kukoma yenyewe? Na kuna fao lolote la mtu wa hali hii? Ana watoto watatu na kodi inadaiwa.

#2 Kapteni Ngalawa
Pole kwa mgonjwa. Ndiyo ukweli, sheria inatoa siku 126 kwa mwaka, zikiisha mwajiri hana deni. Kampuni siyo hospitali.

#3 Binti Kisarawe
#2 punguza mwendo. Siyo kwa mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 32: siku 126 ndani ya mzunguko wa likizo, na mzunguko wa likizo ya ugonjwa ni miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Anayeumwa kila mwaka ndiyo atashangaa zinavyoisha haraka.

Lakini kifungu hicho kinaongelea MALIPO. Hakuna mahali kinaposema siku ya 127 ajira inakufa.

#4 HR Mstaafu
Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi, sekta binafsi, nitasema ya upande wa pili msinipige mawe.

Ni kweli hakuna kukoma kwenyewe. Lakini mwajiri naye halazimiki kumsubiri mtu milele. Siku za malipo zikiisha anaruhusiwa kuanzisha mchakato wa kuachisha kazi kwa kukosa uwezo kutokana na maradhi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zimeeleza hatua: chunguza chanzo cha ugonjwa na ukubwa wake, je ni wa muda au wa kudumu, soma ripoti ya daktari, mwite mfanyakazi mzungumze akiwa na mwakilishi wake, angalia kama kazi yake inaweza kurekebishwa, au kama kuna kazi nyingine nyepesi. Hayo yote yakigonga mwamba ndipo unaachisha, kwa notisi na stahiki zake.

Kosa la hicho kiwanda ni kuruka ngazi zote na kutua chini. Na kama aliumia akiwa kazini, kanuni zinamtaka mwajiri ajitahidi zaidi kumtafutia nafasi kuliko angeumwa malaria.

#5 Kichwa Ngumu
Mgongo umekufa na kiinua mgongo nacho hawatoi. Hii nchi ina watani.

#6 Dereva Mstaarabu
#5 😂😂 umeniua.

Seriously mkuu #1, kwa nini hakuna anayetaja WCF? Huyu hakuumwa, huyu KAUMIA KAZINI. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uko kwa ajili hiyo toka Julai 2015, mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi senti. Mtu akishindwa kufanya kazi kwa muda kutokana na ajali ya kazini analipwa asilimia 70 ya kipato chake, na inaweza kwenda mpaka miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu wanapima asilimia: ukizidi 30 unapata pensheni ya kila mwezi, ukiwa 30 kushuka chini unalipwa mkupuo. Matibabu juu yao.

Mimi niligongwa na lori nikiwa kwenye safari ya kikazi, nilivunjika paja. Sikuhitaji kuthibitisha nani mwenye kosa. Walitaka kujua jambo moja tu: ulikuwa kazini au hukuwa kazini?

#7 HR Mstaafu
#6 uko sahihi, ila ajali yako ilikuwa na polisi, lori na damu. Ya mgongo ndiyo ngoma nzito. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu aambiwe. Swali kwa #1: usiku ule iliandikwa popote? Kitabu cha ajali? Meseji kwa msimamizi?

Kwa sababu najua watakachosema: diski za mtu wa umri wake zimechakaa zenyewe, angeweza kuumia hata akiinua ndoo ya maji nyumbani. Na ripoti za MRI huwa zinaandika "uchakavu" hata kwa mtu aliyeumia kweli. Hapo mwajiri anaiweka kwenye ugonjwa wa kawaida, siku 126 zinaanza kuhesabiwa, mchezo umekwisha.

#8 Shemeji wa Mbagala
Kitabuni haikuandikwa. Ila kuna voice note ya WhatsApp aliyomtumia msimamizi saa kumi na moja alfajiri, anasema "bosi kile kiroba kimenimaliza, siwezi kusimama". Na msimamizi kajibu kwa dole gumba. Simu anayo bado.

#9 Mama Zuwena
Hilo dole gumba litunzeni kama cheti cha kuzaliwa. Hamishieni kwenye simu nyingine, na barua pepe pia. Simu za mgonjwa huwa zinauzwa kipindi cha njaa, mimi yamenikuta.

Mume wangu alikuwa mlinzi, alipata kiharusi akiwa nyumbani siku ya mapumziko, kwa hiyo WCF hatukuwa na cha kudai. Ofisi ilimvumilia kwa malipo mpaka siku zikaisha, halafu wakaja wawili na gari, wamebeba matunda na karatasi. Wanasema mama, msaidie asaini ili stahiki zitoke haraka. Nikasoma, imeandikwa ameacha kazi kwa hiari yake. Mtu ambaye upande wa kulia hauamki ameacha kazi kwa hiari! Matunda tulikula, karatasi nikawarudishia.

#1, mwambie mgonjwa asisaini chochote.

#10 Kapteni Ngalawa
Sawa, kwenye miezi 36 nimekubali. Ila swali: hizo siku 126 ni za kalenda au za kazi? Kwa likizo ya mwaka sheria inasema siku 28 mfululizo. Kwa ugonjwa inasema siku 126 basi. Kama ni siku za kazi, wiki ya siku sita, jamaa bado ana siku zake mfukoni.

#11 HR Mstaafu
Ofisi zote nilizopita tulihesabu za kalenda, Jumapili ndani. Ugonjwa haupumziki Jumapili.

#12 Binti Kisarawe
"Ofisi zote tulihesabu hivyo" siyo sheria, huo ni uzoefu. Na uzoefu wa ofisi huwa una kawaida ya kuegemea upande wa ofisi.

#13 Kichwa Ngumu
Binti Kisarawe leo amekunywa kahawa ya tangawizi.

#14 Mzee wa Nukta
Nimesoma mpaka hapa, kuna kitu hamjakiona nyote. Angalieni tarehe.

Mzunguko wa miezi 36 unaanza siku mtu alipoajiriwa. Jamaa kaingia 1 Juni 2016. Mzunguko wa kwanza uliisha Mei 2019, wa pili Mei 2022, wa tatu 31 MEI 2025. Ameanza kuumwa 10 Machi 2025. Kwa hiyo mpaka Mei inaisha alikuwa ametumia siku 83 za mzunguko wa tatu (Machi 22, Aprili 30, Mei 31). Tarehe 1 Juni umefunguka mzunguko wa nne, na una siku 126 mpya kabisa.

Maana yake ni kwamba kuanzia 1 Juni alitakiwa arudi kwenye mshahara KAMILI mpaka 2 Agosti, kisha nusu mpaka 4 Oktoba. Barua ya 14 Julai imemkuta akiwa ndani ya likizo halali. Na sheria hiyohiyo inakataza kumpa mtu notisi ya kuachishwa akiwa likizoni.

Kwa hiyo wanadaiwa maelezo, na yeye anawadai mshahara.

#15 Dereva Mstaarabu
Mzee wa Nukta nimevua kofia. Nimehesabu kwa vidole mara mbili, inakubali.

#16 HR Mstaafu
Hoja nzuri lakini msishangilie mapema. Moja, sheria inaruhusu mwajiri na mfanyakazi kukubaliana mzunguko mwingine, mradi mfanyakazi asipunjwe. Viwanda vingi vimeweka Januari kwa wote ili kurahisisha hesabu. Asome mkataba wake na kijitabu cha kanuni za kazi. Pili, mwajiri atasema huu ni ugonjwa mmoja, ED moja inayoendelea, haiwezekani ukazaliwa upya katikati ya kuumwa kwa sababu kalenda imegeuka.

#17 Mzee wa Nukta
"Mradi asipunjwe", umeisema mwenyewe. Kama mzunguko wa Januari unamnyima siku ambazo mzunguko wa tarehe ya ajira unampa, amepunjwa. Na sheria haihesabu ugonjwa, inahesabu siku ndani ya mzunguko. Nionyeshe sehemu inayosema ugonjwa mmoja una siku 126.

#18 HR Mstaafu
Na wewe nionyeshe inayosema malipo yanaanza upya bila mtu kurudi kazini hata siku moja. Tutazunguka hapa mpaka asubuhi.

#19 Jirani wa Namanga
Habari zenu ndugu wa Bongo. Nasoma nikicheka na kulia. Siku 126? Huku Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, tena baada ya kufanya kazi miezi miwili mfululizo. Hicho ni kiwango cha chini, wenye chama imara cha wafanyakazi hupata zaidi kupitia mkataba wa pamoja. Ila hata hapa kwetu mwajiri hawezi kukufukuza kwa kukosa uwezo wa mwili kabla hajakuita na kukusikiliza ukiwa na mwenzako wa kazini au mtu wa chama. Hilo la barua kudondoka tu kama embe lingemgharimu mahakamani.

#20 Mbongo Ohio
Nami niongeze la ughaibuni kidogo, maana wengi mnadhani huku ni maziwa na asali. Nafanya ghala, Columbus. Marekani kuna sheria ya mwaka 1993 inayoitwa FMLA, inakulindia kazi wiki 12 ndani ya miezi 12 ukiugua vibaya. Wiki 12 ni siku 84, na ni BILA MALIPO. Tena uwe umefanya kazi kwao mwaka mzima na saa 1,250, na mwajiri awe na watu 50 au zaidi karibu na kituo chako. Malipo ni habari nyingine kabisa: yanatoka kwenye bima ya ulemavu ya kampuni kama unayo. Ile ya serikali ya ulemavu wa muda mrefu ina kusubiri miezi mitano mizima hata ukikubaliwa.

Nilipofanyiwa upasuaji wa bega nililipwa na bima huku nikiwa na hofu ya kazi, mwenzangu alikuwa na kazi lakini hana hela. Ndiyo nikaelewa kwamba kulindiwa kazi na kulipwa ni milango miwili, kila mmoja na funguo zake. Naona na kwenu barua imechanganya hiyo milango.

#21 Mpemba Halisi
Assalaam alaykum. Mnaongea kama siku 126 ni za nchi nzima. Hiyo ni Bara. Huku Visiwani tuna Sheria yetu ya Ajira, Na. 11 ya 2005, na mfuko wetu wa hifadhi ya jamii ni ZSSF. Asije mtu wa Chake Chake akabeba hesabu za Mzee wa Nukta akaenda kuaibika nazo.

#22 Mwalimu wa Zamu
Na watumishi wa umma pia tunaongozwa na Kanuni za Kudumu za 2009, ugonjwa mrefu una utaratibu wake unaopita kwa bodi ya madaktari, na mafao yetu yako PSSSF. Ila usidhani ni raha. Mimi nilisubiri barua ya bodi mpaka nikasahau nilikuwa naumwa nini.

#23 Kichwa Ngumu
#22 hiyo nayo ni tiba.

#24 Mama Zuwena
Turudi kwa mgonjwa. NSSF jamani hamjaigusa. Kama WCF wakikataa kwamba siyo ajali ya kazini, kuna pensheni ya ulemavu ya NSSF. Sisi ndiyo tuliyopata. Bodi ya madaktari inatakiwa ithibitishe kwamba mtu amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Upande wa michango, awe na miezi 180, na kama hajafika, basi isipungue 36, na kati ya hiyo 12 iwe ya karibuni kabla ya ulemavu.

Hiyo 12 ndiyo iliyotusumbua. Ofisi ilikuwa inamkata mume wangu lakini haipeleki. Kwenye salary slip mchango upo, ukifungua taarifa ya mwanachama kuna mashimo kama wavu wa kuvulia dagaa. Tulifuatilia miezi mpaka wakalipa na faini yao. Shemeji aangalie taarifa ya michango LEO, asisubiri bodi.

#25 Dereva Mstaarabu
Theluthi mbili ni mlima lakini. Diski na ganzi ya mguu, bodi itasema anaweza kukaa getini akaandika namba za magari. Kwa huyu naona WCF ndiyo njia, siyo NSSF.

#26 Binti Kisarawe
#25 ukisema anaweza kukaa getini, umeshamjibu mwajiri. Kama anaweza kukaa getini, kwa nini hawakumpa kazi ya getini badala ya barua? Ndiyo ile kazi mbadala ya #4. Hawawezi kumwambia CMA (Tume inayoamua migogoro ya kazi) kwamba hafai kazi yoyote, huku bodi ikisema anafaa.

#27 Kapteni Ngalawa
Na hiyo CMA ana siku 60, asiwe na presha.

#28 Mzee wa Nukta
HAPANA. Kapteni leo umekosea mara ya pili, na hii inaweza kumtoa mtu barabarani. Siku 60 ni kwa migogoro mingine, kama kudai mishahara. Kupinga kuachishwa kazi ni siku 30 tangu kuachishwa. Barua ni ya 14 Julai, mwisho ni 13 Agosti. Leo 25, zimebaki siku 19. Ajaze fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ampe mwajiri nakala asaini kupokea, apeleke Tume na uthibitisho huo. Kufungua hakuna ada. Akichelewa ataanza kwa kuomba radhi ya muda kwa fomu namba 2, na Tume inaweza kumkatalia.

Na hiyo ya mishahara iliyopunjwa toka 1 Juni aiweke humohumo.

#29 HR Mstaafu
Hapa nakubaliana na Mzee asilimia zote. WCF nako ana miezi 12 tangu ajali kuwasilisha madai, lakini asikae. Aende ofisi za Mfuko mwenyewe na voice note, karatasi za ED na majina ya waliokuwa zamu ile. Mwajiri kutotoa taarifa ni kosa lake, halimfungii mfanyakazi mlango.

Angalizo moja: hatakula sahani mbili. Kama Mfuko utamlipa kwa kipindi fulani, mwajiri atasema hadaiwi mshahara wa ugonjwa wa kipindi hichohicho, na sheria iko upande wake hapo.

Na tuseme mambo yote yakishindikana, akaachishwa kihalali kwa maradhi: notisi ya siku 28, likizo ambayo hajachukua, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ana miaka 9, ni siku 63.

#30 Kichwa Ngumu
63 tena? Hii sheria iliandikwa na mcheza bahati nasibu.

#31 Mwana wa Mkandaji
Kuna mzee Korogwe anarudisha diski kwa mafuta ya nyonyo na kitambaa cha moto. Nipo inbox.

#32 Binti Kisarawe
#31 mzee wako anatoa ED? Karatasi inatakiwa itoke kwa daktari aliyesajiliwa au tabibu ambaye mwajiri amemkubali. Kama kiwanda kinamkubali mzee wa Korogwe, mlete.

#33 Shemeji wa Mbagala
Nashukuruni sana wote. Mrejesho mfupi: tumekuta mkataba, ukurasa wa likizo unasema mzunguko utahesabiwa "kwa mujibu wa sheria", hakuna Januari. Kijitabu cha kanuni za kazi hajawahi kupewa. Taarifa ya NSSF imetoka, michango ipo mpaka Aprili, Mei na Juni hamna. Na leo mchana afisa utumishi kapiga simu, anamwita Jumatatu "kuzungumza kiungwana". Aende?

#34 HR Mstaafu
Aende, na mwakilishi wa tawi la chama. Simu ya "kiungwana" baada ya barua maana yake kuna mtu kule ndani kafungua sheria.

#35 Mama Zuwena
Aende na mke wake. Chama kinaweza kukubali soda, mke hakubali.

#36 Mzee wa Nukta
Aende, lakini fomu ya CMA aijaze kabla ya Jumatatu. Mazungumzo hayasimamishi siku 30.

#37 Kapteni Ngalawa
Mimi bado nasema siku za kazi na siku za kalenda hamjanijibu.

#38 Kibarua wa Bandarini
Samahani wakuu kwa kudandia uzi. Mimi ni kibarua, naitwa wiki tatu, napumzishwa wiki moja, naitwa tena, mwaka wa nne huu, mwajiri yuleyule. Nimelazwa toka Ijumaa na ini. Nina siku zozote au hiyo 126 ni ya wenye mikataba?

#39 Binti Kisarawe
#38 pole sana. Aliye chini ya miezi 6 kazini hana likizo ya kulipwa, ILA mtu anayeitwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri yuleyule, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi 6 ndani ya mwaka huo, anaingia. Wewe kwa hesabu ya wiki tatu kwa nne umeingia. Una chochote chenye tarehe? Karatasi za malipo, kitambulisho cha getini, miamala ya simu?

#40 HR Mstaafu
Watasema kila wiki ya mapumziko ni mkataba mpya. Jiandae.